Kiini Kinapokwama Njiani

Shikamooni wakubwa, hamjambo vijana. Nimefurahi zaidi kuwaona kina mama mliokuja na watoto wenu. Leo nazungumzia lisensefali, yaani ubongo wa mtoto kukosa mikunjo yake.

Seli ya ubongo haiishi ilikozaliwa. Huzaliwa ndani kabisa, kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo, kisha hupanda hadi kwenye gamba la juu. Pilikapilika hizo hupamba moto mimba ikiwa ya miezi mitatu hadi sita. Seli zilizotangulia hukaa chini, zinazofuata huzipita na kukaa juu yake, mpaka zitimie tabaka sita.

Tazameni hatua moja tu. Seli inanyoosha mkono mwembamba mbele. Sentrosomu, kitovu cha nyuzi zake, inaingia mkononi humo. Nyuma kimebaki kiini, kifuko kinachotunza jeni za seli, mzigo mzito kuliko yote. Aliyewahi kuona jahazi likikwamuliwa, nanga ikapelekwa mbele kwa mtumbwi kisha watu wakavuta amari, ameshauona mwendo huu. Mvutaji hapa ni protini iitwayo dainini, inayotembea juu ya nyuzi hizo. Ina miguu miwili, na hatua yake ya kawaida ni nanomita 8 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja, hesabuni wenyewe.

Dainini isipokuwa kazini hujikunja. Inayosaidia kuikunjua ni protini ya jeni LIS1, iliyogunduliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 17. Na aliyetufumbulia kazi yake ni kuvu! Aspergillus nidulans, wa ukoo mmoja na anayetia mahindi yetu sumukuvu, ana jeni inayofanana nayo. Ikiharibika, viini vyake havisambai, vinarundikana.

Kwa mtoto, nakala moja ya LIS1 ikikosekana inatosha kuzikwamisha seli. Hitilafu kwenye jeni ya dainini yenyewe, DYNC1H1, nayo huweza kuvuruga safari. Angalieni picha hizi mbili: ubongo huu umejaa mikunjo, huu wa pili ni laini kama yai, gamba lake nene, mara nyingi la tabaka nne. Ndiyo lisensefali. Nyumbani mnaiona kwa degedege, mwili kulegea, maziwa kumpalia mtoto.

Mama, hukula kitu kibaya, wala hukutazamwa na jicho la mtu. Mara nyingi hitilafu hii huzuka upya kwa mtoto mwenyewe. Ila wazazi wachache wana kromosomu zilizobadilishana vipande, na wao ni wazima kabisa. Kwa hiyo kabla ya mimba nyingine, ombeni mpimwe damu, wewe na baba yake.