Jedwali Linalosema "Maji Yapo"

Ndugu washiriki, habari za azimio 46/182 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1991, lililoweka uratibu wa misaada ya dharura, na mfumo wa klasta, yaani makundi ya mashirika kwa kila sekta, ulioanza 2005 mnazijua, nazipita. Nimekuja na jambo lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: jedwali letu la nani anafanya nini na wapi, kwa namna tunavyolijaza, linafunika mapengo badala ya kuyafichua.

Chukueni kambi ya watu 20,000. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, yaani lita 300,000. Kwa maboza ya lita 10,000, hizo ni safari 30 kila siku inayokuja, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Bomba moja kwa watu 250, basi tunataka mabomba 80. Kila bomba litoe lita 7.5 kwa dakika, na hata hivyo watu 250 watalimaliza fungu lao kwa saa nane na dakika 20 za maji yasiyokatika. Presha ikishuka nusu, foleni inaingia usiku, na mnajua nani anayedhurika njiani usiku.

Sasa fungueni jedwali. Wilaya fulani, sekta ya maji, mashirika matatu. Ramani ina rangi ya kijani, maana yake hapana pengo. La kwanza lina maboza matano, kila moja safari tatu kwa siku. La pili limejenga mabomba yote 80, lakini kuleta maji si kazi yake. La tatu linapima klorini. Kila moja limesema kweli! Ila maji yanayofika ni lita 150,000, mtu anapata lita saba na nusu, na mfadhili akiitazama ile kijani anapeleka fedha zake kwingine.

Subirini, halijaisha hilo. Shirika la nne linasikia maji hayatoshi, linakodi maboza matano zaidi. Siku inayofuata kambini wanapokea lita 150,000 zile zile. Kwa nini? Kwa sababu pampu kwenye chanzo inajaza boza moja kwa dakika 40, na safari 15 zimeshamaliza saa zake kumi za kazi. Maboza mapya yamepanga foleni chanzoni yakichoma dizeli. Kilichohitajika ni pampu ya pili na sehemu ya pili ya kujazia. Nani angeliona hilo kwenye jedwali lenye safu tatu tu?

Ndiyo maana nadai safu nyingine. Eneo liandikwe hadi kitalu cha kambi, wilaya haitoshi. Kiandikwe kiasi kilichofika jana, wala si kilichopangwa. Kiandikwe uwezo wa juu kabisa na kinachouzuia: pampu, barabara, dereva, kibali. Iandikwe tarehe ambayo fedha zinakwisha. Wiki mbili za kwanza takwimu zikusanywe kila jioni kwa simu, maana ukingoja barua pepe utaletewa za wiki iliyopita. Asiyejibu ahesabiwe sifuri mpaka ajibu. Lakini mahali wanapohifadhiwa walionusurika ukatili pasiandikwe kwenye jedwali la wazi hata siku moja.

Yupo atakayesema: watu wanakufa, nanyi mmekalia majedwali. Namjibu kwa Goma, mji wa mashariki mwa Zaire, Kongo ya leo, Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika yalikuwepo, tena mengi. Tathmini ya pamoja ya misaada ile, iliyotoka 1996, ilisema bayana kwamba baadhi yalichukua jukumu la sekta fulani kisha yakashindwa kulitimiza. Shirika likishasema "hapa pangu", wengine hupaacha. Ahadi isiyokaguliwa ilikuwa mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu angalau ingemwita mtu.

Mwingine atasema shirika lake ni huru, mratibu hana amri juu yake. Kweli, hana. Uhuru ni wa kuamua unamsaidia nani kwa kufuata mahitaji yake; hauhusiani na kuficha idadi ya maboza.

Naonyeshwa saa, basi haraka. Haiti 2010, baada ya tetemeko la ardhi, mikutano mingi ya klasta ilifanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, kwa Kiingereza, katika nchi ya Kikreoli na Kifaransa. Mashirika ya wenyeji yalibaki getini na taarifa zao. Fanyeni mikutano mahali pasipohitaji kitambulisho cha kupitia lindo, kwa lugha ya mahali. Kuhusu fedha taslimu: mkubaliane kiwango kimoja kwa kaya kabla ya malipo ya kwanza, kwani kukishusha baadaye ni ugomvi. Vyoo nilitaka niviseme kwa kirefu, kimoja kwa watu 20, na nani anayevinyonya vikijaa, sina muda.

La mwisho ni kuondoka. Anayefunga mradi atoe taarifa siku 60 kabla, na akabidhi ramani ya mabomba, orodha ya vipuri, jina la fundi wa pampu na mkataba wa dizeli. Siku ya makabidhiano, anayepokea aiwashe pampu mwenyewe na apime lita zinazotoka kabla ya kutia sahihi.