Msihesabu mitego, hesabuni watoto

Haya tukae jamani, wa nyuma sogeeni huku kuna feni. Ya kukata misitu leo siongei, mmeyasikia mpaka mmechoka. Nina lile swali langu la siku zote: panya tunamtega, tunamwekea sumu, paka yupo, na darini hatoki. Sokwe wa hifadhi yetu ya Gombe, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna anayemwekea sumu, na ndio tunahofia atatoweka. Kwanini?

Uzazi! Panya mimba wiki tatu, anashusha hata wanane. Sokwe jike mpaka afike miaka kama 13 ndo anapata wa kwanza, mmoja, halafu miaka kama mitano ndo wa pili, na hapo wengine wanafia utotoni. Sasa mama afe. Yule sokwe jike Flo, aliyefuatiliwa na mtafiti Jane Goodall, alikufa 1972 akamwacha mwanawe Flint na miaka 8. Minane! Miti anapanda, kula anajua, lakini akajikunyata, akagoma kula, wiki chache tu na yeye kaenda. Kafa mmoja, mmezika wawili. Ndo maana mafua yetu haya ya kawaida yakiingia mule ni balaa, nchi kavu yenyewe kilomita za mraba kama 35, mashamba huku, ziwa kule, sokwe mgeni wa kuziba pengo atapitia wapi?

Najua kuna mzee wa Kibirizi ananuna hapo, "mwanangu, dagaa tunavua toka enzi za babu na wapo". Shikamoo mzee, ndicho ninachosema! Dagaa ndani ya mwaka mmoja kashakua na kashataga, na ziwa zima ni lake. 2024 lilifungwa tusivue miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, mkalalamika weee, ila kwa dagaa miezi mitatu ni kitu. Kwa sokwe hata mimba haijafika nusu.

Haraka haraka sasa, sababu ya pili: wanaoishi sehemu moja tu. Kuna samaki wetu wa mapambo wa kwenye mawe, anatamia mayai mdomoni, machache, mchanga havuki, kila mwamba na rangi yake, ukimmaliza pale umemaliza. Chura wa mto Kihansi alikaa kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto ule tu, maji yakapelekwa kuzalisha umeme, 2009 akatangazwa katoweka porini.

Sababu ya tatu, ya wanyama wanaochagua chakula, naliruka, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali karibuni, ila lile la nyani na mahindi yenu sijibu, yule anakula chochote, atatuzika sisi.