Cab Calloway: Msisikilize Tu, Mtazameni Miguu

Jamani nshalisema hili mara nyingi na leo nalisema tena, kiongozi wa bendi humjui kwa santuri. Santuri inakupa sauti, basi. Sasa Cab Calloway, yule mwimbaji na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani, ukichukua sauti ukaacha mwili umebaki na nusu mtu, maana yule pale mbele chombo chake kilikuwa yeye mwenyewe, mabega, nywele zinazomwangukia usoni, lile koti jeupe la mkia, miguu.

Kuzaliwa Rochester 1907, kukulia Baltimore, kuacha sheria Chicago akamfuata dadake Blanche kwenye muziki (na Blanche naye alikuja kuongoza bendi ya wanaume watupu, huyo anataka siku yake), hayo mnayajua. Cotton Club, ile klabu ya usiku ya Harlem, New York, alikopiga na bendi yake, mnaijua pia, jukwaani weusi, mezani wazungu. Mi nataka twende kwenye katuni.

Mwaka 1932 studio ya Max Fleischer inatengeneza katuni ya Betty Boop, yule binti wao wa kuchorwa, kwa wimbo wa Cab wa Minnie the Moocher, ule aliourekodi 1931. Inaanza na Cab mwenyewe, mtu kamili, kasimama mbele ya bendi anajinyonganyonga polepole, mara anateleza kama sakafu imemwagiwa mafuta, na hizo ndo picha zake za filamu za zamani kuliko zote tunazozijua. Halafu Betty anatoroka kwao, anaingia pangoni, unatokea mzimu wa yule mnyama mnene wa bahari ya barafu, mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Ukiimba, ni sauti ya Cab. Ukicheza, ni Cab! Na sio kwamba mchoraji alimwangalia akakumbuka kumbuka, hapana, Fleischer alikuwa na rotoskopu, hatimiliki yake ya 1917, mtu anapigwa filamu kwanza kisha picha moja moja inaangazwa kwenye kioo kutoka chini na mchoraji anafuatisha mistari kwa juu. Kwahiyo kila hatua ya yule mzimu iliwahi kupigwa na binadamu. Mwaka uliofuata wakamchukua tena mara mbili, kwenye Snow-White miguu yake wakampa kikaragosi Koko.

Najua mtu atasema mwalimu hizo si za watoto? Wakati ule zilitangulia filamu kubwa sinema, watu wazima wamelipa viingilio vyao wamekaa. Na mwingine ataniambia alijidhalilisha, kugeuzwa mnyama! Mi hapo huwa nakasirika kidogo. Huyu ni mtu aliyesafiri Kusini mwa Marekani na wanamuziki wake kwa behewa lao wenyewe la kulala ili wasihangaishwe na hoteli za wabaguzi, alijua thamani yake vizuri sana. Waliompunguza ni watengeneza filamu, filamu baada ya filamu anaingia, anaimba, anatoka, hadithi inaendelea bila yeye.

Filamu ya Stormy Weather ya 1943 naipitia haraka, ila muone anavyoanzisha wimbo wa Jumpin' Jive halafu anawaachia uwanja wale ndugu wawili Nicholas, wanaruka ngazi kwa msamba mmoja juu ya mwenzie. Kiongozi anajua lini apishe. 1965 kakaa meza ya karata na mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya The Cincinnati Kid, na ya 1980, The Blues Brothers, ana miaka sabini na kitu, koti jeupe lilelile, wimbo uleule, ukumbi mzima unamwitikia. Kuna na video ya Janet Jackson ya 1990, na 1994 akafariki, dah muda umeniishia.

Ila sisi tulioziita bendi zetu jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, niambieni, Mbaraka Mwinshehe mmemsikia mara ngapi? Na mmemwona akitembea jukwaani mara ngapi? Kama kuna mtu hapa nyumbani kwao kuna mkanda umelala kabatini, wa dansi lolote, hata la harusi, naomba asiondoke kabla hatujaongea.

Haya kijana wa nyuma zima taa, tunaanza na ya 1932. Sauti punguza kwanza, nataka muone miguu.