Falsafa Nje ya Darasa

Wapendwa wasikilizaji, ahsanteni kwa kuja.

Kijana akiwaambia wazazi wake kwamba anakwenda kusoma falsafa, swali la kwanza huwa ni hili: itakusaidia nini? Ni swali la haki, na wanaolijibu kwa kusema "elimu ni elimu tu" wanalikwepa. Jibu langu ni kwamba falsafa humsaidia mtu kujua anachogombania hasa, na kwa maoni yangu nusu ya ugomvi wetu wa nyumbani na kazini hukosa kitu hicho kimoja.

Chukueni ndugu watatu wenye mama mzee anayeumwa. Mkubwa ana mshahara mnono. Wa kati anaishi na mama. Ndiye anayemwogesha, ndiye anayeamka usiku kumgeuza. Mdogo ndiyo kwanza anahangaika kutafuta kazi. Wanakaa kikao cha kugawana gharama za matibabu. Mkubwa anasema tugawane sawa kwa sawa, sote ni watoto wake. Wa kati anasema mimi nimeshatoa jasho langu, fedha toeni nyinyi. Mdogo anasema kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Haipiti nusu saa, yanaanza kusemwa mengine: mchoyo wewe, huna shukrani, wewe tangu zamani ndivyo ulivyo. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba wenzake hawampendi mama.

Tazameni vizuri kilichotokea. Hakuna hata mmoja aliyesema haki isitendeke. Wote wanaitaka, ila kila mmoja ameshika kipimo chake: huyu usawa, huyu mchango uliokwisha kutolewa, huyu uwezo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona jambo hili katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoandika kwamba watu wote wanakubali mgawo wa haki ufuate stahili, lakini hawakubaliani stahili hiyo ipimwe kwa kitu gani. Sasa akitokea mtu kikaoni akauliza, "Jamani, tunapima kwa nini?", mazungumzo yanachukua njia nyingine. Jibu bado halijapatikana, ni kweli. Lakini watu wanaacha kuhukumiana nyoyo na kuanza kuchambua hoja. Wanaweza kuona kwamba fedha zinafaa kufuata uwezo, na kwamba kukesha na mgonjwa ni mzigo wa kugawana, nao uhesabiwe kama mchango. Wanaweza pia wasikubaliane. Hata hivyo watatofautiana juu ya jambo lenyewe, na tofauti ya namna hiyo undugu unaweza kuihimili.

Lakini naomba nitoe onyo. Wapo wanaojifunza kuuliza maswali, wakarudi nyumbani na kuyafanya silaha ya kuwaumbua wazee wao. Socrates, naye mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitumia maisha yake kuwauliza watu wenye sifa mjini Athens maana ya ushujaa, uchaji na haki. Mwaka 399 kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alihukumiwa kifo kwa mashtaka ya kutoheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Namheshimu sana, na hukumu ile ilikuwa dhuluma. Ila tusisahau kwamba yeye alidai hana majibu, akaulizia ili atafute. Anayeuliza ili mwenzake aaibike mbele za watu hajamfuata Socrates hata hatua moja.

Falsafa hukaa pia ndani ya mtu akiwa peke yake. Epictetus alizaliwa mtumwa katika karne ya 1 baada ya Kristo, baadaye akawa mwalimu mashuhuri wa Wastoa, kundi la wanafalsafa wa kale waliofundisha watu kuzitawala hisia zao kwa akili. Alifundisha kwamba kinachowasumbua watu si mambo yenyewe, ni hukumu wanazoyapa mambo hayo. Katika karne ya 20, Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga tiba yake ya mazungumzo juu ya fikra hiyo na alikiri waziwazi deni hilo. Umemtumia rafiki ujumbe asubuhi. Umeona ameusoma. Hadi jioni kimya. Kufikia saa mbili usiku umeshamfungulia kesi, umemtia hatiani na umeanza kutunga maneno ya kumkomesha. Kilichotokea ni kwamba hajajibu, basi. "Ananidharau" umeiongeza wewe. Kuzoea kuvitenga vitu hivyo viwili kumeokoa urafiki mwingi.

Wastoa siwachukui wazimawazima, hata hivyo. Mfanyakazi aliyedhulumiwa ujira wake ameumizwa kweli, na kumwambia arekebishe mtazamo wake ni kumwongezea dhuluma juu ya dhuluma. Hukumu nyingine zinazotuchoma ni za kweli, na kazi yetu hapo ni kudai haki.

Nitapita haraka kwa David Hume, mwanafalsafa Mskoti, ambaye katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1740 alionyesha kwamba huwezi kuruka tu kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopasa kuwa". Kila mnapoambiwa "hapa ndivyo tunavyofanya siku zote", kumbukeni kwamba mmepewa habari tu, sababu bado hamjapewa.

Pa kuanzia ni karibu, na digrii si lazima. Chukua jambo moja unalobishana na mtu wiki hii. Andika hoja yake kwenye karatasi, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe akiyasoma atasema naam, ndivyo ninavyosema. Mara nyingi utaandika mistari miwili, ukwame, uone kwamba muda wote ulikuwa unajibu kitu ambacho hakukisema. Mrudie umuulize. Baada ya hapo ndipo uandike hoja yako chini ya yake, na utafute ni sentensi ipi hasa mnayotofautiana.

Sasa leteni maswali, na mapingamizi zaidi.