Kabla ya kuwasha chenso: ninayojifunza kwa mafundi wa miti Kent

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wazee wote mnaotazama. Leo nipo msituni hapa Kent, Uingereza. Wengi mmeniomba nieleze kazi ya miti, nami nitakaa zaidi kwenye kuangusha, maana huko nyumbani ndiko vijana wetu wanakoumia.

Fundi anayenifundisha akifika kwenye mti hawashi chenso, yaani msumeno wa mnyororo. Anauzunguka. Umeinamia wapi? Matawi mazito yako upande gani? Kuna tawi kavu linaloning'inia? Shina lina uyoga? Analigonga kwa nyundo asikilize kama ndani kumeoza. Halafu anafyeka njia za kukimbilia, kwenda nyuma kwa mshazari, kwa sababu shina linaweza kurudi nyuma kwa nguvu. Asiyehusika anakaa mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Ngoja nisogeze kamera, tazameni kisiki hiki. Huku mbele ndiko mti ulikoangukia, wametoa kipande kama mdomo, kina chake hakizidi robo ya unene. Chenso ikamalizia kwa nyuma. Sasa oneni huu ukanda katikati, nyuzi zimechanika, hazikukatwa. Ni kama asilimia 10 ya unene. Hiyo ndiyo bawaba, ndiyo inayouongoza mti wakati unashuka. Ukiikata yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Naona video za nyumbani mtu anapitisha chenso moja kwa moja huku wenzake wanavuta kamba karibu kabisa. Jamani, hapana!

Mti ulioinama sana ndio wa kuogopa kuliko yote. Ukiukata kwa nyuma kama kawaida, unaweza kupasuka kwa urefu na kipande kikakurukia usoni. Mwachieni aliyefundishwa.

Kupanda je? Wakwezi wetu wa minazi ni hodari, nawaheshimu sana. Ila mkwezi anapanda na panga. Huku ukikata na chenso juu ya mti lazima ujifunge sehemu mbili, kamba kuu na mkanda wa kuzunguka shina, ili mnyororo ukikata kimoja, kingine kikushike. Vifaa hivyo vinakaguliwa kila miezi 6. Na chini lazima awepo mwenzako anayeweza kupanda akushushe ukiumia.

Hata hivyo kuna miti hawaipandi. Ule uitwao ash una ugonjwa wa kuvu, ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012, na matawi yake yanakatika bila dalili. Mafundi hawa wazoefu wanagoma kabisa kuupanda, wanaleta gari lenye kikapu cha kumnyanyua fundi. Napenda sana msimamo huo.

Video ijayo ni kabari na kunoa mnyororo. Kama una mti karibu na nyumba, niandikie hapo chini ni mti gani na umeinamia wapi. Mti ukigusana na nyaya za umeme usiukaribie, piga simu TANESCO kwanza.