Kete, dadu na kimya

Karibuni tena. Leo nimeleta picha moja tu. Kabla sijasema lolote, naomba muitazame dakika nzima bila kunong'onezana.

Haya. Wanaume wawili wanacheza, mwanamke anawahesabia alama. Basi, hamna kisa kingine. Aliyeichora ni Willem Duyster wa Amsterdam, mzaliwa wa 1599. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao, kazi ya kati ya 1625 na 1630 hivi, na siku hizi iko National Gallery, London.

Mchezo wenyewe ni triktraki: kila mmoja ana kete 15, ubao una vyumba 24 vilivyochongoka kama meno, na kete husogezwa kwa kufuata dadu. Aliyewahi kukaa karibu na dadu zinazogonga mbao anajua kelele zake. Mbona basi hapa kumetulia hivi? Nionavyo mimi, Duyster hakutaka ushindi wala fujo. Amechora watu wanaopiga hesabu kichwani, na hesabu hiyo haina sauti.

Waholanzi walikuwa na neno lao kwa mchezo wa jamii hii, verkeer, lililotoka kwenye kitenzi chenye maana ya kugeuka. Mshairi Bredero, wa mji huohuo, alijiwekea kaulimbiu ''t Kan verkeren', yaani mambo huweza kugeuka. Kwa hiyo mnunuzi wa Amsterdam alipouona ubao huu pichani, hakuona mchezo peke yake. Aliona bahati, ambayo leo iko kwako na kesho iko kwa jirani.

Sogeeni muone nguo. Kwa hariri, Duyster alikuwa fundi hasa. Kila kunjo limepewa mng'ao wake.

Na sasa uchochezi kidogo. Bwana huyu wa picha tulivu, mwaka 1625, aligombana na mchoraji mwenzake Pieter Codde mpaka wakatwangana. Miaka sita baadaye alioa, na mwaka 1635 tauni ikamchukua, hajatimiza hata arobaini.

Mimi lakini humrudia yule mwanamke. Hagusi kete wala dadu, ila bila yeye mabwana hawa wangekesha usiku kucha wakibishana nani anaongoza.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada, uliza.