Mgonjwa wa kiharusi anapoacha nusu ya sahani: jinsi ya kumchunguza na kumzoesha kutazama kushoto

Mgonjwa wako amekula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto ameuacha, na anasema amemaliza. Usidhani kashiba. Izungushe sahani uone kama ataendelea kula. Akiendelea, tazama video hii hadi mwisho.

Andaa karatasi ya A4, kalamu, rula na utepe mwekundu. Kama ana miwani, mvalishe kwanza.

Laza karatasi kwa upana, uchore mstari wa sentimita 20. Ibandike mezani, katikati ya kifua chake, maana akiisogeza tu jibu limeharibika. Mwambie atie alama katikati ya mstari. Rudia kwa karatasi 5. Kukosea milimita chache ni kawaida. Tunachotafuta ni alama inayokimbilia kulia kila mara.

Sasa keti mbele yake, umbali wa mita 1, akutazame puani. Chezesha kidole upande wake wa kushoto, kisha kulia, kisha pande zote mbili kwa pamoja. Asipokiona cha kushoto hata kikiwa peke yake, huenda amepoteza nusu ya eneo la kuona, na ni katika macho yote mawili. Akikiona kikiwa peke yake lakini akakikosa vinapochezeshwa viwili, jicho linaona ila ubongo unaupuuza upande huo. Hali hii hutokea zaidi kiharusi kinapopiga ubongo upande wa kulia, na mtu anaweza kuwa na kasoro zote mbili. Anayepuuza mara nyingi hajui kabisa kuwa kuna kitu anakosa. Tafadhali usimgombeze, si ukaidi.

Zoezi lenyewe: bandika utepe mwekundu wima kwenye ukingo wa kushoto wa gazeti. Kabla ya kusoma kila mstari, arudi hadi auone wekundu. Kumwambia "tazama kushoto" hakutoshi, kwa sababu kwake kushoto kunaishia pale anapoishia kuona. Mwambie "tafuta nyekundu". Asipoupata, usogeze utepe ndani hadi auone, halafu uurudishe kushoto kidogo kidogo siku hadi siku. Mkono wake wa kushoto uwe juu ya utepe, auchezeshe kama anaweza, kwani mwendo wa mkono huo huvuta umakini upande ule. Dakika 15 zinatosha. Akichoka, makosa huongezeka.

Akizoea, hamishia utepe kwenye sinia la chakula.

Wakati wa mazoezi kaa kushoto kwake. Akibaki peke yake, maji na simu viwe kulia anakoona. Chai ya moto isikae kushoto. Asiendeshe gari wala kuvuka barabara peke yake hadi mtaalamu wa tiba kazi, yule anayewazoesha wagonjwa shughuli za kila siku, ampime. Na kama kuona kumepungua ghafla leo, acha zoezi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.